Ndama wa Nyasi

Kabla ya kumgusa ng'ombe yeyote, mkamuaji alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha alikaa kwenye kigoda upande wa kulia wa mnyama, akaosha kiwele kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa kitambaa kingine, akapaka mafuta kwenye chuchu, na maziwa ya mwanzo akayakamulia kwenye kikombe cheusi ili aone kama yana mabonge. Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi tangu aajiriwe, na ng'ombe walimzoea kiasi kwamba wengine walianza kudondosha maziwa waliposikia tu mlio wa ndoo.

Asubuhi hiyo Mkwe alikataa. Alikuwa ng'ombe mweusi mwenye nyonga pana, na aliitwa Mkwe kwa sababu hakuna mtu aliyepita nyuma yake bila kuomba radhi. Kiwele chake kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa, lakini hakuachia hata tone. Aligeuza shingo akatazama mahali ambapo ndama wake alikuwa akifungwa, akaona kamba tupu, akarudisha macho mbele na kusubiri kama mtu aliyewahi kufika kabla ofisi haijafunguliwa.

Ndama alikuwa ameondoka na mwenye bucha jana yake. Alikuwa dume, na kwenye banda lile madume hayakukaa. "Ndama dume ni mdomo na kinyesi," Mama Madumu alizoea kusema, "na vyote viwili ninavyo vya kutosha."

Mama Madumu ndiye aliyekuwa mwenye ng'ombe. Jina alilipata kwa sababu ya madumu ya njano yaliyopangwa getini kwake kila asubuhi, yakisubiri kwenda mkahawani, hospitalini, kwa mama anayegandisha mtindi, na kwenye nyumba ambazo watoto hawagusi chai kama haina maziwa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpigia mtu kelele, na sauti yake ilikuwa laini hata ukadhani anakuombea dua, kumbe anakunyima likizo.

Dawa ya ng'ombe anayezuia maziwa ni ya zamani na wakamuaji wengi wanaijua. Ngozi ya ndama inarudishwa kutoka bucha, inajazwa nyasi kavu, inapakwa chumvi, inasimamishwa mbele ya mama yake. Mama Madumu alimwita fundi magodoro aliyekuwa na kibanda chake mwisho wa barabara. Fundi alikuja na sindano ndefu, akaizungukia ngozi mara mbili tatu, akakubali kikombe cha chai.

"Nimeshona mito, nimeshona magodoro ya maharusi," alisema. "Ndama ni godoro lenye masikio, basi. Unataka asimame au alale?"

"Asimame," alisema Mama Madumu. "Aonekane ana adabu."

Mkwe alimnusa ndama huyo kwa muda mrefu. Akamlamba shingo, akamlamba mgongo, akashusha pumzi, na maziwa yakaanza kutoka. Mkamuaji alikamua akiwa ameinamisha uso. Aliona haya, ingawa si yeye aliyetoa wazo la kumdanganya ng'ombe. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, kama ilivyolowa kila asubuhi.

Alikuwa na mtoto wa kiume, ambaye alikuwa bado ananyonya kazi hii ilipopatikana. Kanuni alielezwa getini siku ya kwanza, kabla hata hajatua mfuko: watoto hawaruhusiwi kazini, kwa sababu mtoto analia, mtoto anakula, na mtoto anahitaji mikono miwili, ile ile inayohitajiwa na ng'ombe. Akamwacha kwa mama yake, safari ya mabasi mawili, na huko mtoto akalelewa kwa uji. Maziwa ya mkamuaji hayakuelezwa kanuni. Yalikuja wakati ule ule wa kukamua, naye akawa anakwenda kuyamwaga kwenye mfereji nyuma ya stoo ya pumba, ambako paka wa jirani alishajua ratiba. Mara nyingi alimwomba Mama Madumu amruhusu kumleta mtoto, wakae wote kwenye kile chumba chake kando ya banda. "Tutaona mwezi ujao, mwanangu," Mama Madumu alimjibu, na miezi ijayo ilikuwa mingi. Hakuna kitu kingine alichotaka mkamuaji duniani. Alitaka mtoto wake alale chumba kimoja naye.

Majuma yalipopita, aliona kwamba kichwa cha ndama wa nyasi kimeupita ukingo wa hori, wakati mwanzo kilikuwa chini yake. Akaenda kumwambia Mama Madumu, aliyekuwa barazani akichuja maziwa.

"Mama, ndama anakua."

"Yupi?"

"Wa nyasi."

Mama Madumu aliendelea kuchuja. "Ananyonya?"

"Hanyonyi."

"Anakula?"

"Sijamwona akila. Ila jana alifukuza nzi kwa sikio."

"Basi mwache akue. Ningepata kumi wa namna hiyo, saa hizi ningekuwa mbali."

Fundi magodoro akawa anaitwa mara kwa mara kuachia mishono, kama inavyoachiwa sketi ya shule. Daktari wa mifugo alikuja kuchanja, akapita kwenye mstari, akamchanja na ndama wa nyasi, akamtia hereni ya namba sikioni. Malalamiko yake yalikuwa kwamba sindano imeingia kirahisi mno. Ndama mwenyewe alipoanza kutembea, alitembea kwa upole na hakukanyaga ndoo hata moja, jambo ambalo wale wa damu na nyama walikuwa hawajalimudu.

Maziwa ya Mkwe yalipata tabia moja. Yakitiwa jikoni yalipanda mpaka ukingoni mwa sufuria, kisha yakasimama hapo hapo. Hayakufurika. Mwenye mkahawa aliyapenda sana, kwa kuwa sasa aliweza kuacha sufuria motoni akaenda kubishana mpira na wateja, akarudi akayakuta yamesimama yanasubiri. Yanasubiri nini, hakuna aliyeuliza. Mtu akipata nafuu jikoni haulizi maswali. Wafugaji wa jirani nao walisikia, wakaja kumwazima ndama. Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, banda hadi banda, akasimama mbele ya ng'ombe mwenye huzuni, akalambwa, na jioni akarudi. Tangu hapo majirani wakaacha kusubiri madume yao yapate nguvu. Waliyapeleka bucha yakiwa bado yanayumba, na msimu ule bucha haikukosa nyama laini.

Siku moja mkamuaji alipigiwa simu na mama yake. Mtoto ameanza kutembea, mama alisema, ametoka mlangoni mpaka kwenye pipa la maji bila kushikwa. Mkamuaji alicheka, akauliza alivaa nini, akaaga vizuri. Alipokaa kwenye kigoda, mikono iligoma. Hakuwa anaumwa. Vidole vilishika chuchu vikatulia hapo, kama vya mtu aliyeshika mlango asijue aliingia kufuata nini. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Ng'ombe walilalamika, na madumu getini yakaondoka mepesi.

Mama Madumu alikuja akachuchumaa karibu naye, kitu ambacho kwa mwili wake hakikuwa kidogo.

"Una nini, mwanangu?"

"Namtaka mtoto wangu."

"Hilo nalijua. Nauliza habari ya mikono."

"Ndiyo hiyo hiyo, Mama."

Mbele yao Mkwe alikuwa anamlamba ndama wake, ambaye sasa alikuwa na mabega ya fahali na mshono mpya mweupe tumboni. Mama Madumu alimtazama sana. Alikuwa na moyo wa huruma, na alikuwa na dawa aliyoiona kwa macho yake ikifanya kazi.

"Mwambie mama yako atume fulana ya mtoto kwenye basi," alisema. "Isifuliwe."

Fundi alimaliza kazi mchana mmoja. Alitumia nyasi zilizopigwa jua vizuri, kichwani akaweka pamba, kwa heshima. Mama Madumu mwenyewe ndiye aliyembeba mtoto wa nyasi mpaka chumbani kwa mkamuaji, akamkalisha kitandani.

Mkamuaji hakumgusa. "Mimi si ng'ombe, Mama."

"Nani kasema wewe ni ng'ombe?" Mama Madumu aliumia kweli, ilionekana usoni. "Ng'ombe gani nimewahi kumpa chumba?"

Alipotoka, mkamuaji alimchukua mtoto wa nyasi akamweka juu ya kabati, uso ukutani. Alikaa huko siku nyingi. Lakini fulana ilikuwa haijafuliwa, na chumba kilikuwa kidogo. Kilinuka uji uliomwagikia kifuani, jasho la shingo ya mtoto, na moshi wa jiko la mama yake. Mchana wa mvua, kazi zikiwa zimekwisha, alipanda juu ya kiti amteremshe, ili tu aivue ile fulana aikunje vizuri. Akajikuta amemkumbatia na maziwa yanamtoka. Jioni mikono ilikamua kama zamani. Aliona haya kuliko siku ile ya Mkwe, kwa sababu safari hii aliyedanganywa alikuwa anajua.

Mtoto wa nyasi naye akaanza kukua. Aligeuza kichwa mlango ulipofunguliwa. Alikaa mahali ulipomweka, hakulia, hakuomba. Mama Madumu akipita alimpapasa kichwani. "Mtoto wa kazini ndio huyu sasa," alisema.

Wakati wa joto mama yake mkamuaji alifika getini bila taarifa, ameongozana na mjukuu. Hasa ni mjukuu aliyekuwa anamwongoza, maana bibi alikuwa na mtoto wa jicho kote kuwili na alitembea akipapasa hewa. Mkamuaji alitoka bandani mbio na mikono ina mafuta. Mtoto alimwona mwanamke anayemkimbilia, akajificha nyuma ya gauni la bibi. Hakumjua. Mkamuaji alisimama, na hakuna kitu kilichowahi kumuuma namna ile, hata uzazi wenyewe.

Walikaribishwa barazani kwa vikombe vya wageni. Bibi hakuzunguka.

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake, najua," alisema. "Lakini nimezeeka, Mama, na huyu anakimbia. Juzi katoka mpaka barabarani. Nilijua yuko wapi kwa kusikia breki za lori. Siwezi tena. Nimekuja kumrudisha kwa mama yake."

Mama Madumu alilia. Yalikuwa machozi ya kweli na aliyafuta kwa upindo wa nguo.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema. "Lakini kanuni ni kanuni. Tena mtoto mmoja tayari anaye humu ndani, nilimruhusu mwenyewe kwa mapenzi yangu. Nikimwongezea wa pili, wafanyakazi wengine watasemaje?"

Hapakuwa na wafanyakazi wengine, lakini chai ilikuwa bado ya moto na hakuna aliyetaka kumkosea adabu.

"Huyo mwingine mbona anakaa?" bibi aliuliza.

"Huyo hali, halii, hakimbii."

Getini alipiga hodi mtu wa hospitali amefuata dumu lake, na Mama Madumu akainuka. Bibi akamshika binti yake mkono. "Nipeleke nimwone." Chumbani alimwona kwa vidole, kuanzia pamba ya kichwani mpaka miguuni.

"Ukimweka anakaa?"

"Anakaa, mama."

"Hatoki nje?"

"Hajawahi."

"Basi nipe huyu," alisema bibi. "Huyo anayekimbia baki naye."

Mkamuaji alielewa mara moja. Walibadilisha fulana haraka haraka, kila mtoto akavaa ya mwenzake, na bibi akafungiwa wa nyasi mgongoni. Alisema ni mwepesi na mgongo wake unashukuru. Mama Madumu aliwasindikiza mpaka nje ya geti, akamtazama yule aliyebebwa, akasema mjukuu ana miguu mizuri, Mungu amkuze.

Siku zile za kwanza zilikuwa za mafunzo. Mkamuaji alimpenyezea mwanawe nyasi kwenye ukosi wa fulana na kwenye mikono. Alimwambia kwa kunong'ona kwamba wanacheza, na anayelia ameshindwa, na anayekimbia ameshindwa, na mlango ukigongwa hakuna kutafuna. Mtoto alishika haraka. Alijifunza kunyonya macho yakiwa mlangoni. Mkamuaji alikuwa na furaha, hilo lisemwe wazi. Alilala na kisigino cha mtoto kimemkita mbavuni na aliamka na maumivu aliyoyapenda. Mfereji nyuma ya stoo ukakauka, na paka akahama.

Asubuhi moja Mama Madumu alisukuma mlango bila kubisha, akitafuta kichujio. Mtoto alikuwa kitandani, amekaa wima, na pembeni mwa midomo yake kulikuwa na tone la maziwa. Mama Madumu alimpapasa kichwani kama kawaida. Mkono ukatulia pale juu kwa muda, kwenye nywele zenye joto.

"Mfute," alisema kwa ile sauti yake laini. "Nyasi zikilowa zinaoza."

Akachukua kichujio akaenda zake. Hakuwa mjinga, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Kwa hiyo mtoto akakaa. Kadiri siku zilivyokwenda alizidi kuimudu kazi. Alikaa barazani karibu na madumu, wateja wakamzoea, mwenye mkahawa akamwekea kofia yake kichwani mara moja ili afunge kamba za viatu. Nzi walimtua usoni. Hata ndama wa nyasi alikuwa akifukuza nzi kwa sikio, lakini mtoto hakuwafukuza. Alipoambiwa, wakiwa wawili tu na mlango umefungwa, kwamba sasa anaweza kucheza, alimtazama mama yake kwa subira mpaka wazo hilo likampita.

Mvua ziliporudi, aliteleza kwenye ngazi ya banda akapasuka goti. Hakulia. Mkamuaji alikimbilia kitambaa cha kuzuia damu, akapiga magoti, akakuta hakuna damu ya kuzuia. Palepale kwenye goti, ngozi ilipoachana, zilichungulia nyasi kavu, za rangi nzuri, zilizopigwa jua.

Fundi magodoro alikuja na sindano ndogo, ile ya mito. Alipanua kidonda kwa kidole gumba, akatazama.

"Mbona hizi si nyasi zangu? Umemjaza wapi?"

"Sijamjaza," alisema mkamuaji. "Nimemzaa."

Fundi alitunga uzi kwenye sindano. Akashona. Mtoto aliifuata sindano kwa macho ikiingia na kutoka, ana adabu, na goti halikutikisika. Alipomaliza, fundi alikata uzi kwa meno na akakataa chai.

Jioni hiyo simu iliita.

"Mwanangu, huyu uliyenipa ameharibika," alisema mama yake. "Analia. Tangu juzi analia njaa, nikimpa uji anamaliza sufuria. Na leo katoka nje, nimemfuata kwa sauti. Msikilize mwenyewe."

Simu ikapelekwa mdomoni mwa mtoto wa nyasi. Kilio kilichotoka kilikuwa cha kukauka koo, cha hasira, cha mtu anayejua anachokitaka. Blauzi ya mkamuaji ililowa pande zote mbili. Aliiacha simu wazi kitandani, akamchukua mwanawe pale alipomweka asubuhi, akampakata, akampa ziwa. Mtoto alilinusa. Akageuza uso mlangoni, akatulia. Mkamuaji alimbembeleza, alimwita kila jina la mapenzi alilolijua, akamlilia mwisho. Hakunyonya, na simu iliendelea kulia.

Alimkuta Mama Madumu barazani, anapanga madumu ya kesho.

"Mama, naomba ruhusa niende nikamwone mtoto wangu."

Mama Madumu alichungulia ndani ya chumba kupitia mlango uliokuwa wazi. "Si huyo hapo amekaa?"

"Yule wa nyumbani. Analia njaa."

"Pole, mwanangu." Alimshika bega, na pole hiyo ilitoka moyoni. "Tutaona mwezi ujao."

Mkahawani, wakati huo, maziwa yalikuwa yamepanda mpaka ukingoni mwa sufuria yakasimama. Mkamuaji alichukua sabuni akanawa mpaka kwenye viwiko, kwa sababu kule bandani Mkwe alishausikia mlio wa ndoo.